Je, Wajua? Bustani za Mboga, Kilosa hadi Mikumi

Je, wajua kwamba shamba la shule lina waraka wake? Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka wanafunzi walime, na washiriki pia kupanga na kuamua mambo ya shamba lao. Baadaye shule nyingi ziligeuza jembe kuwa adhabu ya wachelewaji, na hapo somo likapotea. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: huko Austria, sheria ya 1869 ilitaka shule za vijijini ziwe na bustani.

Je, wajua kwamba Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, mwalimu na mtafiti wa mbegu ni majirani? Kuna chuo cha ualimu, na kuna kituo cha utafiti wa kilimo, leo TARI Ilonga, ambacho kimefanya kazi kubwa kwenye mazao kama mahindi, mbaazi na kunde. Kunde pekee zinatosha kwa kipindi kizima cha sayansi: majani ni mboga, punje zina protini, na ukiung'oa mche polepole utaona vinundu mizizini. Humo hukaa bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuirutubisha ardhi.

Je, wajua kwamba bustani yaweza kuenea kwenye kiroba? Kuanzia 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Ujerumani walifanya kazi na wakulima wa Ilakala na Changarawe, wilayani Kilosa, na bustani za nyumbani zilikuwa miongoni mwa mbinu zilizojaribiwa. Kiroba hutengenezwa hivi: simamisha katikati kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo uliochanganywa na samadi. Vuta kopo juu, jaza tena, hadi ukingoni. Kokoto hubaki kama nguzo inayopitisha maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, pandikiza miche.

Je, wajua kwamba kunawa mikono ni kumwagilia? Kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia kinachochirizisha maji, kikitundikwa kwenye ukingo wa tuta, maji ya watoto waliotoka chooni huishia kwenye matembele badala ya kutengeneza tope.

Je, wajua kwamba mchicha huanza kuvunwa wiki tatu hadi nne tu baada ya kusia? Mtoto hupanda na kula ndani ya muhula uleule. Lakini jikoni ndiko mboga hupotezwa. Osha majani kabla ya kuyakata, maana ukikata kwanza, vitamini C huondoka na maji. Tia karanga au tui la nazi, kwa kuwa mwili huhitaji mafuta ili ufyonze vitamini A. Kamulia limau mezani, nalo husaidia madini ya chuma yaingie mwilini. Na ukikausha majani kwa ajili ya kiangazi, yaanike kivulini: jua kali huharibu vitamini A.

Je, wajua kwamba Mikumi pilipili hulindwa na ukali wake? Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na tembo hawasomi vibao vya mipaka. Hawapendi pilipili. Wakulima katika maeneo ya namna hii huchanganya pilipili iliyosagwa na oili chafu, hupaka vitambaa na kuvitundika kwenye kamba kuzunguka shamba. Mizinga ya nyuki nayo huwafukuza, na asali hupatikana juu yake.

Je, wajua kwamba, kwa takwimu za kitaifa za 2022, watoto watatu kati ya kumi walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa? Bustani peke yake haiwezi kuondoa udumavu. Maji safi, afya ya mama na kipato navyo vina sehemu yake. Lakini tumbo lililozoea ugali mtupu huanzia bustanini kubadilika.

Basi mwalimu, mzazi, mjumbe wa kamati ya shule: msiishie kuhesabu matuta. Ulizeni kama mboga imefika kwenye sahani za watoto, na kila mtoto apewe marando ya matembele akapande kwao. Hayauzwi dukani, na hukubali hata nyuma ya bafu.