Theluji, mkatale na macho ya watu

KAMA hujawahi kuona theluji ikianguka, huenda ukadhani inafanana na mvua ya mawe. La hasha! Theluji haina kelele. Asubuhi moja ya Januari nikiwa Boston, Marekani, nyumbani kwa dada yangu, niliamka nikakuta mtaa mzima umekuwa mweupe kama pamba na hakuna gari linalopita.

"Mjomba, njoo uone!" wapwa zangu wakaniita.

Mkubwa wao alikuwa na kioo cha kukuzia pamoja na kitambaa cheusi alichokilaza nje usiku kucha ili kipoe. Chembe ya theluji ikatua. Nikainama. Lo! Ilikuwa nyota yenye pembe sita, kila pembe na matawi yake. Kabla sijasema neno, ikayeyuka.

"Mjomba, umeipumulia!" akanikemea.

Mkulima wa Jericho

Ndipo akanisimulia habari za Wilson Bentley, aliyezaliwa mwaka wa 1865 kijijini Jericho, jimbo la Vermont. Mama yake, aliyewahi kuwa mwalimu, alimpa hadubini. Baba, ambaye alikuwa mkulima, aliona mambo hayo ni upuuzi, lakini mwishowe kamera ikanunuliwa. Bentley akaiunganisha na hadubini, na mnamo Januari 15, 1885, akiwa na umri wa miaka 19, akafaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji.

Alifanyia kazi kwenye baridi kali, akizipokea chembe kwa ubao mweusi na kuzuia pumzi asiziharibu. Kufikia kifo chake Desemba 1931, alikuwa amepiga zaidi ya picha 5,000, na hakuona mbili zilizofanana. Pembe huwa sita kwa sababu maji yanapoganda, molekuli zake hujipanga kwa pande sita. Matawi nayo hutegemea baridi na unyevu wa hewa ambamo kila chembe imepitia. Njia zikitofautiana, maumbo pia hutofautiana.

Fundi na kazi yake

Mchana, theluji ikiwa imetufungia ndani, nilifungua kitabu cha historia ya mji huo. Mwaka wa 1639, seremala Edward Palmer aliagizwa kutengeneza mkatale, yaani mbao zenye matundu ya kubania miguu ya wakosaji. Alipoleta hesabu ya pauni moja, shilingi 13 na peni saba, wakuu wakaona amewapunja. Wakamtoza faini ya pauni tano na kuamuru akae saa moja katika mkatale uo huo. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

Tulicheka sana. Kisha mpwa wangu mdogo akauliza: "Mjomba, na kama ilikuwa siku ya baridi kama leo?"

Kicheko kikakatika. Mkatale uliwekwa mahali pa wazi makusudi, ili mlevi au mtukanaji atazamwe na kuzomewa na kila mpita njia. Adhabu za namna hiyo hazikuisha upesi. Jimbo la Delaware lilimchapa mtu viboko kwa amri ya mahakama mara ya mwisho mwaka wa 1952, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka wa 1972.

Sisi nasi tusijitoe. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka wa 2001, na mahakamani mwaka wa 2003. Mimi niliwahi kuchapwa mbele ya gwaride kwa kuchelewa shuleni. Uchungu wa kiboko nimeusahau. Vicheko vya wenzangu ningali navisikia.

Nilimfikiria Bentley, aliyezuia pumzi yake kwa ajili ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Je, mtoto hastahili zaidi? Mzazi, mwanao akikosea, mrudi, lakini usimwitie majirani waje kumtazama.

Jioni theluji ilianza tena. Mpwa wangu akatandaza kitambaa chake, akaandaa simu ya mama yake apige picha, akanigeukia. Safari hii hakuhitaji kunikemea. Nilikuwa nimeshaziba mdomo kwa skafu.