Namna Difu ya Nyuma Inayojifunga Yenyewe Inavyofanya Kazi Katika Pikapu: Maelezo kwa Kuzingatia Barabara za Udongo za Kyela

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna difu ya nyuma inayojifunga yenyewe inavyofanya kazi katika pikapu, kwa kuzingatia mazingira ya Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Hoja kuu ni kwamba kifaa hiki hakiongezi nguvu ya injini, bali huondoa kikwazo kinachoizuia nguvu iliyopo kulifikia tairi lililo penye ardhi ngumu. Kwa sababu hiyo, faida yake ina mipaka ambayo dereva, fundi na mnunuzi wa gari wanapaswa kuifahamu.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, imo katika uwanda ulio kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kwenye mwinuko wa takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani na kuupita uwanda huo kabla ya kuingia ziwani. Mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kilele chake ni mwezi Aprili. Barabara kuu itokayo Tukuyu kwenda mpakani Kasumulu ni ya lami, lakini mashamba mengi ya mpunga na kakao yako mbali nayo. Mazao hutolewa kwa njia za udongo ambazo masika huzigeuza kuwa tope na utelezi. Pikapu inayonasa humo hubakiza magunia njiani; na ikiwa imembeba mgonjwa, kila dakika ya kukwama ina uzito wake.

Kukwama huko mara nyingi kuna sura moja. Tairi moja la nyuma huzunguka ovyo matopeni, huku la pili, lililo penye ardhi ngumu, limetulia tuli. Kwa nini tairi lenye pa kukanyaga ndilo lisilosukuma? Jibu limo ndani ya difu.

2.0 Difu ya Kawaida na Udhaifu Wake

Difu ni mkusanyiko wa gia ulio katikati ya ekseli. Propela huleta mzunguko kutoka kwenye giaboksi, pinioni huizungusha krauni, na nyumba ya difu iliyofungwa kwenye krauni huzunguka pamoja nayo. Gia ndogo zilizomo ndani ya nyumba hiyo ndizo zinazougawa mzunguko kwa shafti mbili za magurudumu. Muundo huu ulipewa hataza nchini Ufaransa mwaka 1827 kwa jina la Onésiphore Pecqueur. Lengo lake lilikuwa kutatua tatizo la kona: gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, hivyo sharti yaruhusiwe kuzunguka kwa kasi tofauti.

Difu ya kawaida inaongozwa na kanuni mbili. Kanuni ya kwanza inahusu kasi: kasi ya krauni ni wastani wa kasi za magurudumu mawili. Gurudumu moja likisimama, la pili huzunguka mara mbili ya kasi ya krauni. Kwa hiyo, pikapu iliyonasa ambayo mshale wake wa mwendo unasoma kilomita 30 kwa saa ina tairi moja linalozunguka kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa.

Kanuni ya pili inahusu nguvu: difu hugawa nguvu ya mzunguko sawa kwa sawa. Tuseme tairi la kushoto liko kwenye tope linaloweza kuhimili nyutoni-mita 200 tu kabla ya tairi kuteleza, na la kulia liko penye changarawe inayoweza kuhimili 2,000. Kwa kuwa tairi la kushoto haliwezi kupokea zaidi ya 200, la kulia nalo hupewa 200. Jumla ni 400, nayo haitoshi kuliondoa gari lililopakiwa. Difu ikifungwa, kila tairi hupokea kadiri ardhi yake inavyoweza kuhimili, na jumla inaweza kufikia 2,200. Injini ni ileile. Kilichobadilika ni njia ya kuifikisha nguvu ardhini.

3.0 Namna Difu Inavyojifunga

Mfano unaofahamika zaidi wa difu inayojifunga yenyewe ni ule ambao kampuni ya Eaton ya Marekani ilianza kuutengenezea magari ya General Motors mwaka 1973. Ndani ya difu hiyo kuna vitu vinne visivyokuwamo katika difu ya kawaida: kidhibiti chenye vizito vidogo vilivyoshikwa na springi, ndoano ya kuvikamata vizito hivyo, sahani yenye mabonde na vilima, na sahani za msuguano zilizopangwa nyuma ya gia za shafti. Hatua za kufunga ni hizi:

(a) Tairi moja linapoanza kuteleza, tofauti ya kasi kati ya magurudumu hukizungusha kidhibiti kwa kasi kubwa.

(b) Tofauti hiyo ikifikia takribani mizunguko 100 kwa dakika, vizito hutanuka, vikanaswa na ndoano, na kidhibiti kikasimama ghafla.

(c) Kusimama huko huichelewesha sahani yenye mabonde na vilima. Gia iliyo ubavuni mwake hupanda vilima hivyo na kuzibana sahani za msuguano.

(d) Mbano huongezeka mpaka gia inashikamana na nyumba ya difu. Kuanzia hapo magurudumu yote mawili huzunguka kwa kasi moja.

Tairi likishapata mshiko na mzigo juu ya shafti kupungua, vilima huachana na difu hurudi katika hali ya kawaida. Aidha, gari likizidi mwendo wa takribani kilomita 32 kwa saa, ndoano husogezwa pembeni na nguvu ya mzunguko wa nyumba ya difu, hivyo kufuli haliwezi kujifunga barabarani katika mwendo mkubwa.

Hesabu rahisi inaonyesha maana ya takwimu hizi kwa dereva. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 75 likizunguka mara 100 kwa dakika ni sawa na mwendo wa kilomita 14 kwa saa. Ikiwa tairi la pili limesimama, mshale utasoma takribani kilomita 7 tu. Kwa hiyo, kukanyaga mafuta kwa upole kunatosha. Dereva anayekanyaga mafuta hadi mwisho huifanya difu ijifunge kwa kishindo, jambo linaloweza kuvunja shafti.

4.0 Mipaka ya Kifaa

Difu iliyofungwa haisaidii pale matairi yote mawili yanapokosa mshiko, au pale tumbo la gari linapokuwa limekaa juu ya tuta la katikati ya njia. Hapo panahitajika majembe, mbao na mikono ya watu. Vilevile, kwenye njia iliyoinama upande, matairi mawili yakiteleza kwa pamoja sehemu ya nyuma ya gari huweza kuserereka kuelekea mtaroni. Katika difu ya kawaida, tairi lisilozunguka husaidia kulizuia gari lisiende upande. Difu ikifungwa, msaada huo hupotea.

5.0 Utambuzi na Utunzaji

Si kila pikapu ina difu ya aina hii. Baadhi ya matoleo ya Toyota Hilux na Toyota Land Cruiser yana kufuli linalofungwa kwa swichi, mengine yana difu ya msuguano inayopunguza utelezi bila kufunga kabisa, na mengi yana difu ya kawaida. Jaribio la jeki hutumika kuzitofautisha: magurudumu ya mbele huwekewa vigingi, ya nyuma huinuliwa, injini huzimwa gari likiwa kwenye gia, kisha gurudumu moja huzungushwa kwa mkono. Difu ya kawaida hulizungusha la pili kinyumenyume; difu ya msuguano iliyo nzima huleta ukinzani. Hata hivyo, difu inayojifunga yenyewe, ikizungushwa polepole, hutenda kama ya kawaida. Mnunuzi anayetegemea jaribio hili peke yake anaweza kudhani kifaa hakimo, hivyo hana budi kuthibitisha kwa namba za gari.

Kuhusu utunzaji, sahani za msuguano hutegemea oili iliyoagizwa na mtengenezaji. Gari likivuka maji ya mafuriko, maji yanaweza kuingia kupitia tundu la kupumulia la ekseli. Oili iliyogeuka rangi na kufanana na chai ya maziwa ni dalili ya hali hiyo, na inapaswa kubadilishwa mara moja.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba difu ya kawaida hulipa tairi lenye mshiko nguvu ileile inayohimiliwa na tairi lililo matopeni, na kwamba difu inayojifunga huondoa ulinganifu huo kwa muda, katika mwendo mdogo, bila dereva kugusa swichi. Inapendekezwa kwamba dereva wa njia za mashambani abaini aina ya difu aliyonayo kabla ya masika, akanyage mafuta kwa upole anaponasa, na akague oili kila baada ya kuvuka maji. Mambo hayo matatu hayana gharama kubwa, na ndiyo yanayoamua iwapo mzigo utafika barabara kuu au utalala njiani.