Bogenvilia ya Langoni si Dume

Ukiingia shuleni kwetu kwa lango kubwa utakutana na bogenvilia mbili, moja kila upande. Ya kulia ni fupi, ya zambarau, na karibu kila mwezi wa mwaka utaikuta ina rangi ya kutazamwa. Ya kushoto ni jitu. Imeupanda ukuta, ikaupita, ikaegemea tangi la maji, na miiba yake imekwisha kurarua sweta za wachelewaji wengi ambao siwataji hapa. Lakini kwa miaka miwili mfululizo jitu hilo halikutoa rangi hata kidogo. Majani tu, tena majani mabichi ya kupendeza, lakini majani.

Basi ukazuka uvumi kwamba ile ya kushoto ni dume. Sijui nani aliuanzisha, ila uliaminiwa upesi kwa sababu sote tunaujua mpapai dume, ule unaochanua na kuchanua bila kuzaa. Ikaamuliwa kwamba likizo ya Desemba ikifika, dume ling'olewe na mahali pake papandwe kitu cha maana. Sehemu hiyo ya bustani iko mikononi mwa Chama chetu cha Kiswahili. Tukaomba tupewe hadi mwisho wa muhula wa kwanza kabla ya panga kupita. Makala haya yanaeleza kwa nini tuliomba.

Kwanza hilo la udume. Hebu chuma kishada kimoja cha bogenvilia ukitazame kwa makini. Utaona majani matatu ya rangi, membamba kama karatasi, yameelekeana. Naam, nimesema majani. Hayo yote tunayoyaita maua, ya zambarau, mekundu, ya machungwa na meupe, si maua bali ni majani yaliyobadilika rangi ili kuwavuta wadudu na ndege. Ua lenyewe ni kile kijimrija chembamba kilichoshikamana na mshipa wa kati wa kila jani la rangi, chenye kinyota cheupe au cha manjano hafifu kwenye ncha. Ukikipasua kijimrija hicho kwa wembe utakuta ndani sehemu za kiume na za kike pamoja. Kwa hiyo hakuna bogenvilia dume wala jike. Kila ua ni yote mawili. Mpapai ni mambo mengine kabisa.

Kama haikuwa dume, ilikuwa na nini? Hapo ndipo tulipolazimika kujua ni bogenvilia ya aina gani.

Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kusini, katika nchi kama Brazili, Peru na Ajentina. Mwaka 1767 merikebu za Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliyekuwa akiizunguka dunia, zilitia nanga Rio de Janeiro. Mwanabotania wa safari hiyo, Philibert Commerson, akaukusanya mmea huu na kuupa jina la nahodha wake. Msaidizi wa Commerson alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa katika merikebu za jeshi la Ufaransa. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Jina likabaki la nahodha. (Wasichana wa darasa letu waliposikia habari hiyo walitaka mmea ubatilishwe jina siku iyo hiyo!) Huku kwetu, Peter Greensmith, aliyekuwa mkuu wa bustani za Nairobi katika miaka ya 1950, anakumbukwa hadi leo kwa bogenvilia na mijakaranda aliyoipanda kando ya barabara za jiji hilo.

Sasa aina zenyewe. Kosa kubwa tunalolifanya ni kuzitambua kwa rangi: "ile nyekundu," "ile ya machungwa." Rangi hudanganya. Tawi moja tu la mmea linaweza kubadilika na kutoa rangi tofauti na matawi mengine, na watu hulikata, wakalipanda, wakapata bogenvilia nyingine kwa sura. Afadhali uangalie mwiba, jani na kile kijimrija.

Ya kwanza huitwa glabra. Jani lake ni dogo kiasi, linang'aa, na ukilipapasa huhisi manyoya yoyote. Miiba yake ni mifupi, myembamba, imepinda kidogo kwenye ncha. Kijimrija chake kimevimba chini na kina pembe tano, ambazo ukikizungusha vidoleni unazihisi. Rangi yake mara nyingi ni zambarau, na majani yake ya rangi yamechongoka. Hii ni hodari wa kuchanua. Hupumzika kidogo, kisha ikarudi kazini.

Ya pili ni spectabilis. Hii ina nguvu za kupita kiasi. Majani yake ni makubwa, yana manyoya hasa upande wa chini, na kingo zake zina mawimbi. Miiba ni mikubwa, imepinda kama ndoana, na hata kijimrija kina manyoya. Tena hii haichanui ovyo ovyo. Hungoja ukame. Isipoona kiu, huendelea kurefuka tu.

Ya tatu, peruviana, ina majani membamba, miiba iliyonyooka, na majani ya rangi yaliyojikunja kama kitambaa ambacho hakijapigwa pasi. Sijaiona hapa kwetu, kwa hiyo sitaisema sana. Lakini glabra na peruviana zilizaa chotara mashuhuri sana. Bibi mmoja aliyeitwa Butt aliipata Cartagena, Kolombia, akaipeleka Trinidad mwaka 1910. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, na ikaitwa kwa jina lake. Bogenvilia nyingi nyekundu na za machungwa zinazouzwa leo kwenye vitalu vya kando ya barabara ni za ukoo huo, zenye majani mapana yenye umbo la moyo. Pia ziko zile ambazo majani ya rangi yamerudufiwa hadi kishada kikawa kama pompomu na kijiua cheupe hakionekani. Watu huzipenda. Mimi sizipendi, kwa sababu majani yake yakishakauka hukataa kuanguka, yakaning'inia pale kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

Tulipozipima zetu kwa njia hiyo, mambo yakajieleza. Ya kulia ni glabra. Ya kushoto, kwa miiba yake ya ndoana na manyoya yake, ni spectabilis au ya ukoo wa karibu. Nayo, kumbe, kila asubuhi ilikuwa ikimwagiwa maji! Wachelewaji walipewa ndoo na kuambiwa wanyweshe maua ya langoni kama adhabu. Ile ya kulia ilikuwa mbali na bomba, kwa hiyo walivivu wakaiacha. Ya kushoto ilikuwa karibu, ikanyweshwa mpaka ikalewa. Juu ya hayo, kila muhula ilimwagiwa samadi ya ng'ombe. Samadi nyingi na maji mengi huambia bogenvilia jambo moja tu: ota majani. Tuliiadhibu kwa wema halafu tukaiita dume.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kupanda bogenvilia nyumbani kwenu, anza na mahali. Iwe pa jua kali, saa sita kwa siku au zaidi. Kivulini itaishi, lakini itakunyima rangi. Udongo uwe ule unaopitisha maji upesi. Kama ni udongo mweusi wa mfinyanzi, uchanganye na mchanga na changarawe au uinue tuta, kwani mizizi ikikaa kwenye maji huoza.

Mbegu usihangaike nazo. Nyingi za bustanini ni chotara na hazizai mbegu za kutegemewa. Kata kijiti kutoka tawi lililokomaa, lenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kata chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, kisha ukichomeke kwenye mkebe wenye mchanga na udongo nusu kwa nusu, na utoboe mkebe huo chini. Uuweke kivulini na uwe na unyevu kidogo, si matope. Hapa ndipo wengi wetu huharibu. Baada ya wiki mbili kijiti huchipua majani, mtu akafurahi, akakivuta kuona kama kimeshika. Usikivute! Majani hayo yanakula akiba ya kijiti na mizizi huenda bado haijatoka. Ngoja wiki nane, hata kumi na mbili. Mizizi ya bogenvilia ni laini na hukatika upesi, kwa hiyo unapohamisha mche usiutikise udongo. Pasua mkebe, shusha donge zima shimoni. Kati ya vijiti kumi na viwili tulivyopanda chamani, vitano vilishika. Vitatu kati ya vilivyokufa vilivutwa, na mmoja wa wavutaji ndiye anayeandika makala haya.

Mche ukianza kurefuka, ufunge kwenye ukuta au ua kwa kamba laini. Mmea huu si kama mpashoni wenye vikono vya kushikia, wala si kama wisteria ya Uchina na Japani ambayo shina lake hujisokota kwenye nguzo lenyewe. Bogenvilia hupanda kwa kuegemea na kwa kunasa kwa miiba. Usipoifunga, itachagua njia yake, na kwa kawaida njia hiyo ni usoni mwa wapitao. Mche mchanga unyweshwe mwaka wa kwanza. Baada ya hapo punguza, uache udongo ukauke kabisa kabla ya kunywesha tena. Rangi hutokea kwenye matawi machanga, kwa hiyo kila inapomaliza kuchanua ipogolewe. Vaa glavu za ngozi, kwani jeraha la mwiba wake huvimba na kuuma kuliko ukubwa wake.

Yetu ya kushoto tuliipogoa mwishoni mwa Novemba, siku mbili nzima na mikokoteni saba ya matawi. Adhabu ya ndoo ikahamishiwa kwenye mboga, kwa hisani ya mwalimu wa zamu. Desemba haikung'olewa. Januari jua likawaka, majani yakaanza kunyong'onyea, na waliosema ni dume wakatucheka waziwazi kwenye gwaride. Kusema kweli hata sisi tulianza kuogopa, na mwenzetu mmoja alikamatwa jioni akiipelekea maji kwa siri katika kikombe cha chai.

Katika wiki ya pili ya Februari ncha za matawi ya juu zikawa na wekundu uliofifia ambao tulidhani ni machipukizi tu. Kufikia mwisho wa mwezi ukuta wote wa kushoto ulikuwa umewaka rangi ya waridi iliyokolea, na wazazi waliokuja siku ya mkutano walipigia picha hapo. Upande mmoja tu ulibaki kijani mpaka mvua za Machi zikatukuta: ule unaogusa tangi, ambalo linavuja. Tumeandika barua kuomba tangi litengenezwe.