Kupima Ukubwa wa Faili za Picha za Mawingu

Njia yoyote ya kupelekea habari, iwe waya au mawimbi ya redio, ina uwezo wake: hupitisha idadi fulani ya biti kwa sekunde, wala haizidishi. Picha za mawingu zinazopelekwa kwa watabiri wa hali ya hewa zaonyesha vema tatizo hilo.

Setilaiti za Meteosat za kizazi cha pili, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2002, ziliundwa zipige picha ya upande mzima wa dunia unaozielekea kila baada ya dakika 15, kwa chaneli 12. Chaneli 11 zina mistari 3,712 yenye vitone 3,712 kila mmoja. Ya 12, iliyo kali zaidi, ina mistari 11,136 yenye vitone 5,568. Kila kitone huandikwa kwa biti 10. Mwanafunzi akizidisha na kujumlisha atapata biti milioni 2,136 kwa picha moja, yaani kama milioni 2.4 kila sekunde.

Mzigo huo haupelekwi mzima. Picha hukatwa vipande vya mistari 464, kila kipande kikawa faili, kisha faili hufinywa pasipo kupoteza hata kitone kimoja. Hapo kuzidisha hakusaidii tena, maana kiasi cha kufinyika hutegemea kilichomo pichani. Chaneli 4 hutegemea mwanga wa jua, nazo zina karibu nusu ya vitone vyote. Saa tisa usiku za Afrika Mashariki chaneli hizo huona karibu giza tupu, na faili zake husinyaa. Saa tisa alasiri, jua likiwa juu ya kitovu cha picha, faili hujaa.

Wastani basi hudanganya. Ichukuliwe kwamba njia hupitisha biti milioni 1 kwa sekunde, na kwamba kufinya hupunguza mzigo wa alasiri hadi nusu na wa usiku hadi robo. Picha ya usiku itapita kwa sekunde 534, ya alasiri kwa 1,068. Wastani ni 801, na nafasi iliyopo ni sekunde 900, mhasibu ataridhika. Lakini alasiri kila picha itachelewa sekunde 168 zaidi ya iliyoitangulia, na baada ya saa nne foleni itafikia dakika 45. Ndio wakati ambapo mawingu ya radi hukua juu ya nchi kavu, na wingu la namna hiyo laweza kuinuka na kumwaga mvua ya mawe kabla mtabiri hajaliona.

Kuhesabu faili nako hakutoshi. Kituo cha kuhudumia Tanzania, Kenya na Uganda chaweza kuchagua vipande 2 vya katikati, kimoja kila upande wa ikweta, kati ya 8 vya kila moja ya zile chaneli 11. Kwa idadi ni robo. Kwa baiti huzidi robo, kwani vipande vya kaskazini na kusini kabisa vina anga tupu nje ya duara la dunia, nayo hufinyika ikawa karibu si kitu.

Hapana budi, basi, kompyuta iandike ukubwa wa kila faili pamoja na saa yake. Setilaiti ya kizazi cha tatu, iliyorushwa Desemba 2022, hupiga picha kila dakika 10 kwa chaneli 16, na vitone vyake ni karibu mara 6. Kituo chenye kumbukumbu hizo chaweza kupanga zamu: chaneli za mionzi ya joto, zionazo mawingu usiku na mchana, zitangulie, na zile za mwanga wa jua zifuate nafasi ikiruhusu.