Safari ya Gari la Moshi kwa Watu wa Mbuji: Adabu ya Chumba cha Kulala (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha msafiri wetu Makambako, baada ya kutoka Mbuji kwa basi akapita Mbinga, Songea na Njombe. Kwani wilaya zetu hazijapata reli hata leo, na ile iliyojengwa kusini kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iling'olewa zamani bila ya kutukaribia. Sasa yuko stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 baina ya Dar es Salaam na New Kapiri Mposhi, ambayo Wachina na wananchi wa Tanzania na Zambia walianza kuijenga mwaka 1970 na ikakabidhiwa 1976.

Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, vitatu kila upande. Cha daraja la kwanza vinne. Wanaume hupangwa mbali na wanawake, isipokuwa jamaa waliokata tiketi za chumba kizima. Linalozusha ugomvi aghalabu ni kitanda cha chini, kwa kuwa mwenyewe hudhani ni milki yake tangu apandapo hata ashukapo, na hali sivyo: mchana ni kiti cha wote, na usiku, watu watakapo kulala, ndipo kinapokuwa chake peke yake, na wa juu hana budi kupanda ijapokuwa macho yake hayana usingizi. Naiona desturi hii kuwa ni insafu tupu, maana huko juu mtu hawezi kuketi wima ila kichwa kigonge dari.

Lakini heshima hutangulia tiketi. Binti akimwona mama mtu mzima ameandikiwa juu, humwambia, "Shikamoo mama, lala hapa chini, mimi nitapanda," kisha huvua viatu, akavisukuma uvunguni, akapanda bila ya kukanyaga shuka la mwenziwe.

Kutoka Makambako njia huteremka ukingo wa milima kwa mahandaki na madaraja mengi, na blanketi iliyohitajiwa kwenye baridi ya huko juu huwa mzigo katika joto la Mlimba. Hapo wachuuzi huja madirishani na ndizi na wali, na anunuaye huwakaribisha wenziwe kabla hajatia tonge kinywani. Usiku, kila kituoni, dirisha na lifungwe barabara, kwani mikono ya wezi ni mirefu.

Neno langu la mwisho ni kwa jamaa wa pwani ya Ziwa Nyasa wachukuao usipa mkavu: hata ukifungwa mara tatu, harufu yake haifungiki, na watu sita waliofungiwa chumba kimoja usiku kucha wana haki ya kupumua, basi na upelekwe behewa la mizigo, ambalo taratibu zake tutazieleza juma lijalo, inshallah.