Kompyuta Inayozima Ghafla: Hesabu za Mirathi Zilizokwama Nachingwea

Katika baadhi ya nyumba siku hizi kompyuta ya mezani imechukua nafasi ya daftari la hesabu. Ndivyo tulivyoikuta mjini Nachingwea, katika nyumba ya familia iliyofiwa na baba na kuachiwa shamba la mikorosho. Warithi walikubaliana shamba lisikatwe vipande. Kila msimu korosho zipelekwe ghalani kupitia chama cha msingi, gharama zitolewe, na kinachobaki kigawanywe kwa mafungu ya mirathi. Kaka mkubwa alikabidhiwa kuandika hesabu, naye akaziandika katika kompyuta. Kompyuta ikaanza kuzima.

Haikutoa onyo lolote. Skrini ilikuwa nyeusi, feni zikanyamaza, na kazi ya jioni nzima ikapotea. Mara ya kwanza ndugu walimpa pole. Mara ya tano dada yake anayeishi Ruangwa alimwambia kwa simu: “Kaka, kila tukiomba hesabu, kompyuta imezima.” Hakuna aliyetamka neno la dhuluma, lakini lilikwisha kuingia nyumbani. Shangazi mtu ndiye aliyetuomba tukitazame chombo hicho kabla maneno hayajakua.

Kaka alikuwa amekwisha kukipeleka kwa fundi. Akaambiwa pawa saplai imekufa, akanunua mpya kwa fedha zake mwenyewe. Siku ya pili kompyuta ikazima vilevile. Aliporudi akaambiwa basi tatizo ni mazabodi, na bei aliyotajiwa ilimfanya aifunike kompyuta kwa khanga na kuiacha.

Sisi hatukufungua kitu kwanza. Tulimuuliza: inazima wakati gani? Swali hili ndilo nusu ya matibabu, na inasikitisha kwamba huulizwa baada ya vipuri kwisha kununuliwa. Kompyuta inayozima pamoja na taa za nyumba haina maradhi, umeme umekatika. Inayozima pale tu kitu kizito kinapowashwa jirani yake inalalamikia umeme unaoifikia. Inayowaka kwa sekunde moja au mbili na kuzima huenda ina hitilafu ya vifaa vyenyewe, au hata kitufe cha kuwashia kilichonasa ndani, jambo dogo ambalo mafundi wengi hulisahau. Na inayofanya kazi kwa muda, ikazima, kisha ikiwashwa papo hapo inazima upesi zaidi, hiyo karibu kila mara inaungua kwa joto.

Kaka akajibu: “Dakika ishirini hivi. Nikiiwasha tena, haifiki kumi.”

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, imewekewa ulinzi. Ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake kwanza. Joto likizidi kupanda, kwa nyingi likikaribia au kupita nyuzi 100 za Selsiasi, mashine hujikatia umeme ili isiungue. Tuliiwasha ikiwa imepoa, tukaingia katika ukurasa wa BIOS unaofunguliwa kwa kubonyeza Del au F2 mashine inapoanza, tukaangalia kipimo cha joto. Kilikuwa kikipanda mbele ya macho yetu, na hapakuwa na kazi yoyote iliyokuwa ikifanyika. Wenye Windows wanaweza pia kufungua kumbukumbu za matukio, ambamo watakuta tukio namba 41. Wasihangaike nalo sana. Linasema tu kwamba mashine ilizima bila utaratibu, halisemi kwa nini.

Tukachomoa waya ukutani, tukafungua ubavu wa kasha. Feni ya prosesa ilikuwa imefumwa kwa vumbi kama kiota cha ndege, na juu ya vumbi hilo palikuwa na unga wa manjano. Pembeni ya meza ilisimama mifuko ya salfa. Wasomaji wetu wa kusini hawahitaji kuelezwa: kati ya Juni na Septemba mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiri unga, na mifuko hulala popote penye paa. Lakini unga huo ukiingia ndani ya kompyuta huchanganyika na vumbi na kuziba njia za hewa, na zaidi ya hapo salfa ina tabia ya kuila shaba na fedha, madini ambayo nyaya na viunganishi vimetengenezwa kwayo.

Tulisafisha kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu, tukiishika feni kwa kidole isizunguke. Ule uji wa kupitisha joto unaopakwa kati ya prosesa na bamba la kupozea ulikuwa umekauka kama udongo. Ukafutwa na kupakwa mwingine kidogo, kiasi cha punje ya mbaazi. Pawa saplai hatukuifungua, na tunamwomba kila mzazi asiruhusu mtoto aifungue: ndani yake mna kapasita zinazoweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Mifuko ya salfa ikahamishiwa stoo. Kompyuta ikawashwa baada ya alasiri, na ilipoadhiniwa isha ilikuwa bado inawaka.

Tungeishia hapo, lakini dada wa Ruangwa aliposikia akasema na yake, katika duka lake la vifaa vya ofisi, imeanza kuzima. Tukaenda. Huko hapakuwa na vumbi la kutisha. Ila tulipoketi tukaona kwamba kila mashine ya fotokopi ilipoanza kujipasha moto, taa ilififia na kompyuta ikakata. Vyote viwili, na mashine ya leminesheni, vilichomekwa katika ekstensheni moja nyembamba. Umeme wetu hutakiwa kuwa wa volti 230. Mita ya fundi ilionyesha kushuka chini ya 200 kila fotokopi ilipovuta. Pawa saplai nzima yaweza kuvumilia pengo la umeme kwa takriban sehemu 17 tu za elfu moja za sekunde. Iliyochoka haiwezi hata hizo.

Tulihamishia kompyuta katika soketi nyingine ya ukutani, ikatulia kwa sehemu kubwa. Kisha ile pawa saplai mpya ambayo kaka aliinunua bure Nachingwea ikafungwa Ruangwa, na ile yake ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, ikarudi mahali pake. Dada alitaka kununua stabilaiza. Tulimshauri aweke fedha zake katika UPS, kwa kuwa stabilaiza hunyoosha umeme uliopo, lakini ukikatika haina cha kutoa. UPS ina betri, humpa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi yake. Fotokopi isichomekwe humo, itaizidi nguvu.

Hesabu za mirathi zilinakiliwa katika flashi mbili, moja ikabaki kwa kaka na moja kwa dada, kisha zikachapishwa hapohapo dukani, kila mrithi karatasi yake. Shangazi alisoma ya kwake mstari kwa mstari, miwani ikiwa puani. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini mfuko mmoja wa salfa umeandikwa mara mbili. Kaka akatazama tarehe, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Ilikuwa siku ambayo kompyuta ilizima katikati ya kazi. Akadhani imepoteza mstari ule, akauandika upya. Akaufuta, na fungu la kila mmoja likaongezeka kidogo.