Somo la Kwanza: Tuambiane Kabla ya Safari



Leo hatufundishi sala wala amri. Twataka kusema juu ya siku ya kwanza ya mafundisho, kwa maana siku hiyo ikianza vibaya, miaka inayofuata huharibika.

Mtu anayetaka kuvuka ziwa hapandi mtumbwi kwanza, kisha akaulize nauli katikati ya maji. Huuliza akiwa bado ukingoni: twaenda wapi, tutafika lini, nitalipa nini, nami nitapiga kasia au nitaketi tu? Mwenye mtumbwi akiwa mwaminifu humjibu yote.

Sisi wenyewe tulipata kukosa katika jambo hili. Mtu mmoja, mkulima mwenye wake wawili, alikuja kwetu kutafuta dini. Alihudhuria miaka miwili, mvua na jua, akazijua sala kuliko vijana wote. Pasaka ilipokaribia tulimwita, tukamweleza kwamba mtu hawezi kubatizwa akiwa angali na wake wawili. Akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akatuuliza: «Mlinijua tangu siku ya kwanza. Mbona hamkuniambia?» Akaondoka, wala hakurudi.

Ni kweli, tulimjua. Tulinyamaza kwa kuogopa kwamba atakimbia, tukajisemea kuwa neno gumu lina wakati wake. Hivyo tulimnyima miaka miwili ya kufikiri na kusemezana na wake zake na wazee wa ukoo. Na wale wanawake wawili na watoto wao, nani aliwafikiri?

Tangu kale Kanisa limejua hatari hiyo. Karibu mwaka 400, shemasi mmoja wa Karthago, jina lake Deogratias, alimwomba Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, amwonyeshe namna ya kuwafundisha wanaokuja mara ya kwanza. Augustino akamwandikia kitabu kizima. Alimshauri amwulize mgeni kwanza sababu iliyomleta. Na maelezo yakiisha, amwulize kama anayasadiki na kama anataka kuyashika. Basi mgeni alijibu akiwa amekwisha kusikia anachoitiwa.

Hippo iko katika nchi iitwayo leo Algeria. Katika nchi hiyo hiyo Askofu Mkuu Charles Lavigerie aliwaanzisha Mapadri Weupe mwaka 1868. Alipowatuma kwenye maziwa makuu, aliwaagiza kwamba mafundisho yachukue miaka minne, asibatizwe mtu mapema isipokuwa yu katika hatari ya kufa. Wakristu wengi wa kwanza wa pande za Tanganyika walipita njia hiyo ndefu.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, wenye hatua zake. Na utaratibu wake ulitolewa Roma mwaka 1972. Katika ibada ya kuwapokea, kila mmoja hutajwa kwa jina, huulizwa anaomba nini kwa Kanisa, kisha hutiwa alama ya msalaba katika paji la uso. Wadhamini na waamini nao huulizwa kama wako tayari kumsaidia. Angalieni, ndugu: haulizwi mgeni peke yake.

Basi, siku ya kwanza mwalimu aseme nini?

1. Muda. Aeleze mafundisho yatachukua miaka mingapi, na hatua zake ni zipi.

2. Mahudhurio. Ataje siku na saa. Aseme pia mtu afanye nini akiugua, au wakati wa kulima na kuvuna.

3. Mwenendo. Aseme wazi habari za ndoa, za hirizi na za kwenda kwa waaguzi. Asiseme kwa mafumbo.

4. Maulizo. Aonyeshe jinsi watakavyoulizwa. Mama mzee asiyejua kusoma asiogope: hatuulizi herufi, twauliza imani na matendo.

5. Mali. Ubatizo hauuzwi. Mchango wa Kanisa ni jambo jingine, nao uelezwe tangu mwanzo.

6. Ahadi ya mwalimu mwenyewe. Atafika kwa saa, hatamdhihaki mwenye akili nzito, wala hataongeza sharti jipya njiani kwa kupenda kwake.

Habari ya ndoa yahitaji neno zaidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yamtaka mwenye wake wengi abaki na mmoja kabla ya ubatizo. Lakini sheria hiyo hiyo yamwagiza Askofu aangalie kwamba mke wa kwanza na wengine walioachwa wapate mahitaji yao kwa haki na kwa upendo wa kikristu. Nyumba ya mama, shamba lake na chakula cha watoto si mambo ya kupanga katika juma moja kabla ya Pasaka. Ndiyo maana neno hili lisemwe mapema, tena faraghani, kwa heshima.

Labda mwalimu atasema: «Nikisema yote, watakimbia.» Wengine wataondoka, ni kweli. Lakini aondokaye siku ya kwanza aweza kurudi bila aibu, maana hakudanganywa. Aondokaye baada ya kufichwa huondoka na uchungu, naye huusimulia kijiji kizima.

Nanyi wakatekumeni, msione haya kuuliza. Yezu mwenyewe alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Basi hesabuni, nasi tutawasaidia kuhesabu.

Maulizo ya kukumbuka

Kwa nini yule mkulima aliondoka? Kosa lilikuwa la nani?
Mtakatifu Augustino alimshauri Deogratias nini?
Katika ibada ya kuwapokea wakatekumeni, nani huulizwa pamoja nao?
Mwalimu aahidi nini siku ya kwanza?

Azimio la juma hili: Kila mkatekumeni amwulize mwalimu wake neno moja ambalo hajalielewa juu ya safari yake. Naye mwalimu ajibu bila kuficha.